Glutameti na maumivu kwenye uti wa mgongo: kwa wanaoanza somo hili

Wengi huanza kwa kukariri kwamba glutameti huleta maumivu, na hapo ndipo wanapopotea. Glutameti ni kemikali ambayo neva huitumia kupashana habari. Nyuzi za maumivu (za neva) huimwaga, lakini nyuzi za mguso wa kawaida nazo huimwaga, na ubongo huitegemea kwa kazi nyingi zisizohusu maumivu. Jiulize kipokezi gani, yaani mlango wa seli unaofunguliwa na glutameti, kimefunguka, na kwa muda gani.

Chora sinapsi (mahali seli mbili za neva zinapokutana) moja tu ya pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, sehemu inayopokea taarifa za mwili, ijaze ukurasa mzima. Upande mmoja weka uzi wa C, aina ya uzi wa maumivu usio na ala ya mayelini (ganda la mafuta linaloharakisha taarifa), unaopeleka taarifa kwa mwendo wa takriban mita 1 kwa sekunde. Upande wa pili weka seli inayopokea, yenye aina mbili za vipokezi vya glutameti, AMPA na NMDA.

AMPA hufunguka mara glutameti inapofika. Sodiamu huingia, na baada ya milisekunde chache mambo yamekwisha. NMDA ni mkaidi. Hata glutameti ikishamkalia, pamoja na kemikali msaidizi anayoihitaji, glisini au D-serini, tundu lake bado limezibwa na ayoni (chembe yenye chaji) ya magnesiamu. Ayoni hiyo haibanduki mpaka volti ya seli ipande kutoka milivolti -70 hivi kuelekea sifuri. Kwa hiyo AMPA lazima itangulie, tena mfululizo, ikisaidiwa na dutu P, kemikali nyingine inayomwagwa na uzi uleule. Magnesiamu ikitoka, kalsiamu huingia na kuamsha vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye vipokezi na kuongeza AMPA kwenye utando. Tangu hapo kichocheo kilekile hupata jibu kubwa zaidi.

Usichanganye mambo mawili. Mtafiti Mendell, mwaka 1966, alieleza kwamba nyuzi za C zikichochewa mara moja hivi kwa sekunde, jibu la seli hukua pigo kwa pigo. Ukiacha, hali hiyo hupotea upesi. Mtafiti mwingine, Woolf, mwaka 1983, alionyesha kwamba baada ya jeraha uti wa mgongo hubaki mwepesi wa kushtuka kwa muda mrefu. Watahini wanaipenda sana tofauti hii.

Wodini, wepesi huo hupimwa kwa pamba na pini. Anza mbali, kwenye ngozi nzima, sogea sentimita 1 kila mara kuelekea kidonda, na tia alama ya kalamu pale mgonjwa anaposema mguso umebadilika. Ukianzia kidondani utamuumiza bure na mpaka hutaupata. Alama zikizunguka eneo pana kuliko kidonda na uvimbe wake, mtuhumiwa wa kwanza ni uti wa mgongo, si ngozi.

Dawa nazo ziweke kwenye mchoro uleule. Morfini hufunga njia za kalsiamu kwenye ncha ya uzi, hivyo glutameti hupungua, na huituliza seli ya pili kwa kufungua njia za potasiamu. Gabapentini hushika kijisehemu cha alfa-2-delta cha njia za kalsiamu. Hutolewa na figo, kwa hiyo figo zikidhoofika dozi ishuke.

Ketamini huziba tundu la NMDA likiwa wazi. Kwa maumivu, dozi ni miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo kupitia mshipa, chini sana ya ile ya nusukaputi, na kosa la kawaida ni la kipimo. Chupa nyingi zina miligramu 50 kwa mililita, hivyo miligramu 15 za mgonjwa wa kilo 60 (yaani 0.25 kwa kilo) ni mililita 0.3 tu. Soma lebo kwanza, kisha, ikiwa ni 50 kwa mililita, changanya mililita 1 ya ketamini na mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 upate miligramu 5 kwa mililita. Andika hivyo kwenye bomba la sindano. Mgonjwa huyo wa kilo 60 mpe mililita 3 taratibu, kwa dakika 10 hadi 15, msimamizi wako akiwepo na oksijeni ikiwa karibu. Ukiisukuma kwa haraka, mgonjwa huanza kuona vitu visivyokuwepo.