Mwalimu Anajibu: Asia Ipi, Mwanangu?

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, nimemaliza sekondari na matokeo yangu ni mazuri. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitazama tamthilia za Kikorea, nikajifundisha mwenyewe kusoma Hangul, yaani herufi za Kikorea, na siku hizi nasoma chochote ninachokipata kuhusu Japani na China pia. Nataka kwenda nje kuchukua shahada ya kwanza ya masomo ya Asia. Nimeanza kujaza fomu za Uingereza, Marekani na Korea Kusini, na barua ya maelezo yangu ni moja kwa zote tatu. Rafiki yangu ananikataza kutaja tamthilia, anasema wataniona mtoto. Je, nizitaje? Nianze na chuo gani? Halafu wazazi wangu hawana uwezo wa kulipa ada ya nje.*
Msomaji mwenye hamu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili, na mara zote nimekwama palepale, penye maneno "masomo ya Asia". Nikikutajia chuo kabla hujaniambia ni Asia ipi, nitakuwa nimekupoteza.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Nilipokuwa na umri wako niliketi mbele ya wahadhiri wawili kwenye usaili, nasaba za wafalme wa China nimezikariri kwa mpangilio. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliniuliza ningependa kusoma lugha gani miaka yote ya shahada, na kwa nini hiyo. Nikamjibu kwamba ningeamua nikishafika. Usaili ukaisha upesi. Chuo kile hakikunichukua, na mwaka mzima nililala na kuamka na swali lile. Mwaka uliofuata niliomba kwingine nikiwa na jibu: Kiindonesia.

Kwa nini hiyo? Nilikuwa nimekutana na maneno haya: *kabar, sebab, waktu, dunia, akal*. Wewe msomaji wa Kiswahili huhitaji kamusi hapo. Ni habari, sababu, wakati, dunia, akili. Maneno yaleyale ya Kiarabu yalivuka bahari yakatua pande mbili za Bahari ya Hindi. Nikataka kujua yalibebwa na nani, na imekuwaje huku tukayaongezea irabu mwishoni na kule mengi wakayaacha yamefungwa na konsonanti. Swali hilo ndilo lililojaza barua yangu ya pili, na ndilo lililonifungulia mlango.

Vyuo vyenyewe haviioni Asia kuwa kitu kimoja. Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kina idara ya China, ya Japani, ya Asia ya Kusini-Mashariki na ya Kimalei, pamoja na programu ya Asia ya Kusini, kila moja na walimu wake. Leiden ya Uholanzi imebobea katika Indonesia na Japani, na sababu iko kwenye historia: Waholanzi waliitawala Indonesia, na kwa zaidi ya miaka 200 ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani. Nyaraka na vitabu vya karne hizo viko kwenye maktaba yake mpaka leo. SOAS ya London, iliyoanzishwa mwaka 1916, inafundisha lugha za Asia, Afrika na Mashariki ya Kati chini ya paa moja. Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, pale Canberra, kina kitivo kizima cha Asia na Pasifiki. Kwa hiyo usiulize chuo gani ni bora. Uliza ni nani anayefundisha kile unachokitaka, na maktaba yake ina nini.

Majina nayo yatakuchanganya. Kitivo cha Oxford kiliitwa cha Masomo ya Mashariki hadi mwaka 2022, sasa ni cha Masomo ya Asia na Mashariki ya Kati, jina ambalo Cambridge nao wanalitumia. Ukitafuta kwa jina moja tu, kozi nyingi zitakupita. Tena wewe unayetaka Kikorea angalia kwa makini: si kila chuo chenye Kichina na Kijapani kina Kikorea kama somo kuu. Pengine utakikuta ni lugha ya pili ya ziada. Jambo lingine la kulisoma mapema ni kama lugha inaanzia sifuri. Kozi nyingi za Uingereza zinaanzia sifuri, kwa hiyo kukosa cheti cha lugha hakukufungii mlango. Na nyingi zina mwaka mmoja wa kuishi nchi yenyewe. Cambridge, kwa mfano, wanafunzi wa Kichina na Kijapani huondoka mwaka wa tatu.

Pima pia uzito wa lugha yenyewe. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake hutenga wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, kwa Kichina, Kijapani na Kikorea. Kihindi hutengewa wiki 44. Kiindonesia ni wiki 36, kundi moja na Kiswahili chetu. Hesabu hizo ni za mtu anayetokea kwenye Kiingereza, lakini zinakupa picha. Kijapani cha kusoma gazeti kina orodha rasmi ya herufi 2,136 zenye asili ya China. Hangul umeimudu peke yako, hongera sana. Sasa jiandae kwa sarufi, maana huko ndiko safari ilipo.

Tamthilia zitaje. Rafiki yako anakutakia mema, ila amekosea. Wanaosoma maombi hawachoshwi na tamthilia, wanachoshwa na mtu anayeishia hapo. "Nimependa utamaduni wa Kikorea tangu utotoni" ni sentensi ambayo hata jirani yako angeweza kuiandika. Hebu fikiri ni tukio gani lilikufanya urudishe nyuma dakika mbili. Kikorea hubadilisha mwisho wa kitenzi kulingana na umri na cheo cha unayezungumza naye. Katika tamthilia nyingi kuna pale wahusika wawili wanapoacha lugha ya heshima na kuanza kusemeshana kirafiki, na tafsiri ya maandishi chini ya kioo haiwezi kukuonyesha. Kama uliligundua hilo kwa sikio lako, liandike: ulisikia nini, ulifungua kitabu gani kutafuta jibu, na bado hujaelewa nini. Aya moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko kurasa mbili za mapenzi.

Barua moja kwa nchi tatu, hapana, mwanangu. Uingereza unaomba kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo, fomu moja kwa kozi zisizozidi tano, na huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Kwa wanaoingia kuanzia mwaka 2026, ile insha ndefu imegeuzwa maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Majibu yote kwa pamoja hayazidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno nazo zikihesabiwa. Karibu kila sentensi inapaswa kuhusu somo. Marekani ni kinyume chake: insha kuu ya fomu ya pamoja, isiyozidi maneno 650, inamtafuta mtu, na vyuo vingi hukuacha uchague somo kuu baadaye. Korea, ukiomba ufadhili wa serikali, watataka maelezo yako binafsi na mpango wa masomo, vitu viwili mbalimbali. Ukituma barua ileile kote, kila mmoja ataona haikuandikwa kwa ajili yake.

Sasa fedha, na hapa nakuomba utulie usome polepole. Ufadhili wa serikali ya Korea, unaojulikana kama GKS, kwa shahada ya kwanza unamtaka mwombaji awe chini ya miaka 25. Unaanza na mwaka mmoja wa lugha, kisha miaka minne ya chuo, na ili uvuke mwaka ule lazima ufike daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa lugha ya Kikorea. Kuna njia ya ubalozi na njia ya chuo. Unachagua moja tu, ukiomba kote unaenguliwa. Japani kuna MEXT, ufadhili wa serikali yao: kwa wanaopitia ubalozini, mwaka wa kwanza ni wa lugha, jumla miaka mitano kwa kozi nyingi. Wengi hushtuka kukuta mtihani wake una hisabati hata kwa anayetaka kusoma fasihi. Uko pia mtihani wa Kijapani, na unaufanya hata kama hujui neno. Upande wa Marekani, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth humpima mwombaji wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, na akikubaliwa humfidia pengo lote la mahitaji yake. Kuingia huko ni kugumu sana, lakini usiache kuomba kwa kuogopa ada iliyoandikwa kwenye tovuti.

Kwa hali yako, ningekushauri uweke GKS mbele, na Uingereza uombe tu pale penye ufadhili unaoonekana kwa macho, si wa kutumainia. Kupata nafasi bila fedha kunaumiza zaidi kuliko kukataliwa. Nimewaona vijana wakilia juu ya barua za kukubaliwa.

Nyaraka nazigusa kwa ufupi. Oxford na Cambridge hufunga tarehe 15 Oktoba, miezi karibu 12 kabla ya masomo kuanza. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili, usiufanye mapema mno. Nakala zilizothibitishwa zishughulikie sasa, usingoje wiki ya mwisho. Na barua ya mwalimu iombe kwa aliyekuona ukirudia kitu kigumu mpaka kikaingia, hata kama hana cheo. Idara za lugha zinatafuta mtu asiyechoka.

*Mwalimu, binti yangu amekubaliwa kusoma Kijapani nje, na ufadhili amepata. Baba yake anasema lugha si kazi, atarudi na shahada ya kuongea. Nimekosa la kumjibu.*
Mama wa kifungua mimba

Mama mwenzangu, kwanza pokea pongezi. Kupata nafasi na ufadhili kwa pamoja si jambo dogo.

Baba yake ana hoja, na binti asikasirike kuisikia. Lugha peke yake siku hizi inabeba kidogo kuliko zamani, kwa kuwa tafsiri rahisirahisi zinafanywa na mashine. Ila anayesoma mkataba wa Kijapani na pia anaijua sheria, au anayesoma taarifa za kampuni na anaijua hesabu yake, huyo haachwi. Mwambie binti aulize chuo kama kinaruhusu shahada ya mseto, Kijapani pamoja na uchumi, sheria, siasa au historia, na kama mwisho wa kubadilisha ni mwaka wa kwanza. Aulize pia wahitimu wa idara hiyo wamekwenda wapi. Idara nzuri hulijibu swali hilo bila kusitasita. Majibu hayo ayalete mezani, baba yake ayasome mwenyewe. Naamini watazungumza vizuri zaidi wakiwa na karatasi mbele yao.

*Shikamoo Mwalimu. Usaili wangu wa mtandaoni wa idara ya Kichina ni wiki ijayo. Nimeandika maswali 30 na majibu yake, nimeyakariri yote. Inatosha?*
Mwenye wasiwasi

Marahaba. Umejitahidi, sasa yaweke kando. Katika usaili wa namna hii mara nyingi wanakupa kitu ambacho hujawahi kukiona, shairi fupi lililotafsiriwa au sentensi za lugha ya kubuni, wakutazame unavyofikiri. Hakuna jibu la kukariri hapo. Siku zilizobaki chukua shairi moja la Kichina lenye tafsiri mbili tofauti, uziweke sambamba, na umweleze mtu wa nyumbani kwa sauti ni wapi watafsiri wamepishana na unadhani kwa nini. Fanya hivyo kila jioni na shairi jipya. Ukikwama mbele ya wahadhiri, sema umekwama wapi, kisha endelea kufikiri kwa sauti.