Usizime masasisho ya Windows, yapangie saa

Ombi ninaloletewa mara nyingi kuliko yote katika kazi ya kuhudumia kompyuta za steshenari na ofisi ndogo hapa Moshi ni hili: "Fundi, hebu nizimie haya maapdeti, yananimalizia bando." Huwa nakataa. Mafundi wengi wanakubali: wanaingia ndani ya Windows, wanaizima huduma ya masasisho, mteja anafurahi, na mashine inakaa mwaka mzima bila kuzibwa tundu hata moja. Na mashine yenyewe ndiyo ile inayochomekwa flashi ya kila anayeingia dukani. Flashi iliyotoka Chuo cha Ushirika asubuhi, mchana iko Majengo, jioni iko karibu na hospitali ya KCMC kwa mtu anayechapisha ripoti yake.

Sehemu kubwa ya kile ambacho Microsoft inatoa kila mwezi ni kuziba matundu ya usalama. Tundu likishazibwa hadharani, wahalifu nao wanajua lilipokuwa, wanaanza kuwatafuta ambao hawajaziba. Kirusi cha WannaCry kiliposambaa tarehe 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu duniani kote, hadi hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa, dawa yake ilikuwa imeshatolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Karibu miezi miwili! Kwa mwenye steshenari, mafaili yaliyofungwa maana yake ni mitihani ya shule aliyopewa achape, barua za wateja, na utafiti wa mwanafunzi aliyeuacha pale akisema atarudi kesho. Siwezi kumwondolea mtu ulinzi huo halafu nikapokea hela yake.

Hata hivyo malalamiko yao ni ya kweli, na mengi yanatokana na saa ambayo masasisho yanaingia. Masasisho makuu ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Hutolewa saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku katika ile miezi ambayo wenzetu wamerudisha saa zao nyuma. Muda huo maduka mengi yamefungwa na kompyuta zimezimwa. Jumatano asubuhi unawasha mashine zote kwa pamoja, zote zinaanza kuvuta, intaneti inakuwa nzito, na mbele ya kaunta kuna kijana anayetaka kutuma maombi ya mkopo wa chuo na mzee anayesubiri namba ya malipo ya TRA, mamlaka ya mapato. Ukurasa unazunguka tu. Hapo ndipo mtu anapoyachukia masasisho, na simlaumu.

Mimi nawaelekeza wafanye hivi. Jumatatu inayotangulia Jumanne hiyo, ingia Settings, kisha Windows Update, bonyeza kitufe cha kusitisha na uchague wiki moja. Jumamosi jioni au Jumapili, wateja wakiwa wamepungua, bonyeza kuendelea, mashine zivute na kujiwasha upya zikimaliza. Windows inaruhusu kusitisha hadi wiki tano, ikifika hapo inakulazimisha kupokea kwanza. Wiki tano ni nyingi mno kwa duka linalopokea flashi za watu. Wiki moja inatosha, na ina faida nyingine: sasisho likiwa na kasoro, wengine wataligundua kabla yako. Sasisho la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilifanya kibodi na mausi za USB zigome kwenye ile sehemu ya uokoaji tunayoitegemea Windows inapokataa kuwaka. Marekebisho yalitolewa tarehe 20 Oktoba. Aliyesubiri siku sita alikuta mambo yamenyooka.

Panga pia saa za kazi, ile sehemu inayoitwa Active hours. Windows hujikisia yenyewe, na mara nyingi hukisia saa za ofisi, wakati steshenari ya karibu na stendi inafanya kazi mpaka usiku. Weka mwenyewe, saa 7 asubuhi hadi saa 10 usiku kwa hesabu ya kwenye skrini (7 AM hadi 10 PM), na haitajiwasha upya mteja akiwa katikati ya kuchapa. Urefu wa mwisho unaoruhusiwa ni jumla ya saa 18 kwa siku. Na sasisho likiwa linaendelea, hakikisha kompyuta ya mezani ina UPS, ile betri ya akiba, na ya mkononi ina chaji ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika katikati unaweza kukuachia mashine isiyowaka.

Ukimaliza, kabla hujafungua mlango Jumatatu, chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kwenye kila printa, uone kama sasisho halijaivuruga. Programu ya printa iwe kwenye flashi yako mwenyewe, uiweke upya ikibidi.

Sasa bando. Hapa kuna mpangilio mmoja ambao karibu kila duka ninaloingia nakuta haujaguswa. Kama una kompyuta nne kwenye mtandao mmoja, hakuna sababu kila moja ivute sasisho lilelile kutoka nje. Ndani ya Windows Update, kwenye Advanced options, kuna Delivery Optimization. Iwashe kwenye mashine zote na uchague kompyuta zilizo kwenye mtandao wako wa ndani tu. Mashine ya kwanza ikishavuta, nyingine zinachukua kutoka kwake kadiri inavyowezekana. Kuwa makini na chaguo la pili, linalojumuisha kompyuta za kwenye intaneti: ukilichagua, mashine yako inaweza kuwagawia watu usiowajua, kwa bando lako. Mwenye duka moja hapa mjini alikuwa anashangaa bando linaisha usiku na hakuna anayelitumia. Nilipofungua kompyuta yake nikakuta limechaguliwa hilo.

Kama unatumia hotspoti ya simu, fungua mipangilio ya ile Wi-Fi na uitie alama kwamba ni mtandao wa kupimwa, yaani Metered connection. Windows itaacha kuvuta masasisho mengi yenyewe hadi utakapoiruhusu. Tatizo ni kwamba watu wakishaitia alama wanasahau kabisa, na inakuwa sawa na kuzima. Basi mara moja kwa mwezi ipeleke mashine penye intaneti ya kutosha.

Kuna jambo lililo kubwa kuliko haya yote, na bado nakutana na watu ambao hawajalisikia. Windows 10, iliyotoka Julai 2015 na ambayo ndiyo imejaa kwenye maduka na shule zetu, ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Inawaka kama kawaida, inachapisha kama kawaida, kwa hiyo mtu anaona hakuna kilichobadilika. Kilichokoma ni yale masasisho ya usalama ya bure ya kila mwezi. Office 2016 na Office 2019 nazo zilifikia mwisho siku hiyohiyo.

Kama mashine yako ya nyumbani haiwezi kupokea Windows 11, Microsoft imefungua mpango wa nyongeza unaoendelea kuiletea Windows 10 masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaupata kwa dola 30, au bila kulipa chochote ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2, na kiungo cha kujiunga kipo palepale kwenye ukurasa wa Windows Update. Malipo hayo ya dola 30 yanaweza kutumika kwa kompyuta hadi kumi za akaunti moja. Kwa makampuni hesabu ni tofauti: dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei inapanda mara mbili kila mwaka unaofuata. Shule zina bei yao ya elimu, nafuu zaidi, kwa hiyo mkuu wa shule mwenye chumba cha kompyuta aiulizie mapema.

Mwenye Windows 11 naye asijisahau. Toleo la 24H2 kwa matumizi ya kawaida linakwisha tarehe hiyohiyo 13 Oktoba 2026, lakini kuhamia 25H2, lililotoka Septemba 2025, ni kazi ndogo. Mafaili yake mengi yameshaingia kupitia masasisho ya kila mwezi, unavuta kipande kidogo na kuwasha upya mara moja.

Kinachoniuma zaidi ni ununuzi wa mashine zilizotumika. Watu wanapanda gari hadi Arusha na laki kadhaa mfukoni, wanarudi na kompyuta safi, yenye kava zuri, ambayo tayari imeshapitwa. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu (ingawa si zote za 2000 zinakubaliwa), pamoja na kile kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwenye Intel angalia namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7300U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane. Zikiwa tarakimu tano na zinaanza na 10 au zaidi, uko salama. HP EliteBook 840 G3 na G4, ambazo utaziona kila kona, ni za kizazi cha sita na cha saba. G5 ndiyo ya kuanzia, na hata hiyo ifungue uhakikishe prosesa kwa macho. Muuzaji akikuambia "hii ina Windows 11 tayari dada, ona hii hapa", usiridhike na picha ya skrini. Kuna njia za kuruka masharti na kuiweka kwenye mashine isiyostahili, na Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome kama imeandikwa toleo 2.0. Ni kazi ya dakika moja, ifanye pale dukani kabla hujatoa hela.

Tena kompyuta nyingi zilizotoka maofisini Ulaya zina leseni halali ya Windows iliyofungwa kwenye ubao wa mashine yenyewe. Ukiweka upya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajitambua pindi ikipata intaneti. Kumbe fundi anaifuta na kukuwekea Windows iliyochakachuliwa, na mara nyingi kile kiprogramu cha kuchakachua kinahitaji kinga ya virusi izimwe kwanza. Unalipia kuharibiwa kitu ulichokuwa nacho bure. Mwambie mapema: leseni iliyokuja na mashine usiiguse.

Na usimruhusu akufungulie kwa barua pepe yake. Mwalimu mmoja aliniletea kompyuta mpakato ya Windows 11 iliyowaka skrini ya buluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Windows 11 huifunga kwa ufunguo hifadhi ya kompyuta nyingi mara unapoingia na akaunti ya Microsoft, na mabadiliko kwenye mfumo wa ndani wa mashine yanaweza kuifanya idai ufunguo huo. Ufunguo hutunzwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Ya kwake ilikuwa ya fundi aliyemwekea, na fundi alishahama mji na kubadilisha namba. Maandalio ya masomo, alama za wanafunzi na picha za familia vilikuwa humo ndani, na sikuwa na namna yoyote ya kuvitoa. Ingia leo account.microsoft.com kwa barua pepe yako mwenyewe, fungua orodha ya vifaa vyako, na kama kuna ufunguo wa uokoaji, uandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako. Kama kompyuta yako haipo kwenye orodha hiyo, mtafute aliyekufungulia wakati bado anapatikana.