Wazee wakichangia kwa Kimakonde, muhtasari uandikweje?

SWALI: Shikamooni wahariri. Mkutano mkuu wa kijiji chetu ulijadili kutoa eneo la kujenga ghala la korosho. Wazee walichangia kwa Kimakonde, lakini muhtasari unasema tu: "Wazee wameafiki." Vijana wanadai inatosha, kwani Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Je, ni sawa?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Vijana wamepatia nusu. Muhtasari uwe wa Kiswahili, maana utasomwa na watu wa wilayani wasiojua Kimakonde. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Aliyeulizwa kwa lugha asiyoimudu ameidhinisha nini?

Kinachopotea zaidi ni masharti. Mzee anaanza kwa salamu na utani, anasema chukueni, kisha mwishoni kabisa: ila makaburi yasiguswe, na mikorosho ilipwe kwanza. Mwandishi keshafunga daftari kwenye "chukueni". Greda likifika makaburini, wazee wakigoma, utasikia wamechochewa na chama fulani.

Basi kabla ya ajenda, mkutano uchague wakalimani wawili: mmoja afasiri, mwingine asahihishe. Wasitoke kwenye ukoo wenye eneo, wala wasiwe wanaowania udiwani. Mzee aombwe kutua kila amalizapo hoja ili afasiriwe, si mwisho wa hotuba. Mkalimani aseme "nakubali ikiwa...", asiseme "mzee anakubali", kwa sababu hapo ndipo ufupisho wake mwenyewe unapopenya. Kilichoandikwa asomewe msemaji kwa Kimakonde papo hapo. Mzee akitaja jambo la jando au unyago na kuomba lisiandikwe, andikeni tu kwamba maelezo ya mila yametolewa. Kurekodi kwa simu kunasaidia, ila kwa ruhusa ya mkutano.

Swali la kura liulizwe kwa lugha zote mbili, na mikono ihesabiwe: waliokubali, waliokataa, wasiopiga. Masharti yaingie ndani ya azimio lenyewe. Yakibaki kwenye michango ya wajumbe yatasahaulika, kwani huko juu wanaangalia azimio.

Kuhusu ile sentensi yenu moja, hamjachelewa kama muhtasari haujathibitishwa. Mkutano ujao, kabla ya yatokanayo, ombeni usomwe kwa Kiswahili na Kimakonde, wazee waseme kilichoachwa, marekebisho yaandikwe, ndipo mwenyekiti na mtendaji watie saini.