Kabla ya hotuba, soma orodha ya wagombea

Ninyi mnaoanza kusoma siasa za Ulaya kati ya vita kuu mbili, msianze na hotuba. Mimi nilianza nazo. Muhula mzima nilijaza daftari maneno makali ya Gil-Robles, kiongozi wa CEDA, muungano wa Wakatoliki wa mrengo wa kulia nchini Hispania, na bado sikuelewa kwa nini mrengo wa kulia ulishinda Hispania mwaka 1933 ukashindwa 1936. Jibu lilikuwa ndani ya sheria ya uchaguzi, ambayo sikuwa nimeifungua. Orodha iliyoongoza jimboni ilipewa sehemu kubwa ya viti, hata ikiwa imewazidi wapinzani kwa kura chache tu. Novemba 1933, CEDA pamoja na chama cha wenye mashamba na wapenda ufalme walisimamisha orodha za pamoja katika majimbo mengi, wakati Wasoshalisti na warepublikani wa kushoto wametengana. CEDA ikatoka na viti 115, ikiongoza vyama vyote bungeni. Februari 1936 ikawa zamu ya kushoto kuungana, na kibao kikageuka, ingawa kura za pande mbili zilikaribiana sana.

Kwa hiyo kila mkikutana na muungano, ulizeni kwanza nani aliingizwa kwenye orodha, na aliyemwingiza alitarajia nini. Hapo kaeni sana na Italia. Mei 1921 Giolitti, waziri mkuu Mliberali, aliwachukua Wafashisti katika kambi yake ya uchaguzi, akiamini bunge litawapoza. Walipata viti 35 kati ya 535, kimoja cha kiongozi wao, Mussolini. Wanafunzi wengi huiruka namba hiyo kwa udogo wake, na inaniuma kila nikiona. Makundi yaliyokuwa yakichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi yalipewa heshima ya kusimama orodha moja na Waliberali wakongwe. Aprili 1924 mgeni alishakuwa mwenye nyumba, Mussolini akiwa waziri mkuu: sheria ya Acerbo iliipa theluthi mbili za viti orodha iliyoongoza, mradi ifikishe robo ya kura, na mawaziri wakuu wa zamani, Salandra na Orlando, wakagombea kupitia orodha ya Mussolini.

Mkifika Ujerumani, Machi 1933, chukueni asilimia 43.9 ya Wanazi, mjumlishe 8 za kambi ya Hugenberg, kiongozi wa wazalendo wahafidhina aliyeungana na Hitler serikalini. Bila hizo nane hawafikii nusu ya kura. Kisha fuatilieni Hugenberg mwenyewe: Juni mwaka huohuo alikuwa nje ya serikali, na chama chake kimevunjwa.