Kurudi kwenye tai chi: goti halijui kwamba ulikuwa fundi

Mvua zimekatika, mahindi yanavunwa, na simu yangu imejaa ujumbe wa aina moja: niliacha tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, nataka kurudi, nianzie wapi? Nimechukua maswali matano. Majina nimeyaacha.

*Niliacha miaka miwili iliyopita nilipojifungua. Mtindo wa hatua 24 niliujua wote. Sasa nikifika kwenye hatua ya Korongo Mweupe, giza. Nianze upya kama mgeni? (Mama Wawili, Uyole)*

Hapana, mama, ila usianzie pale ulipoachia. Mtindo huo ulitungwa China mwaka 1956 kwa kuufupisha ule mrefu wa ukoo wa Yang ili watu wa kawaida waumudu, na ukienda taratibu unaisha kwa dakika tano au sita. Tena unajirudia sana: Kugawa Manyoya ya Farasi mara tatu, Kupangusa Goti mara tatu, Kumrudisha Nyani mara nne. Ukizipata hizo tatu umeshaokota sehemu kubwa ya njia.

Wiki ya kwanza fanya Farasi tu, kulia na kushoto, mpaka uchoke nayo. Na video itazame jioni ukiwa umekaa. Asubuhi simu ibaki ndani. Anayefuatisha skrini shingo yake imepinda upande mmoja, na kiuno hakigeuki. Ukiacha uzito uende kwenye mguu unaostahili, utashangaa mkono unavyokumbuka wenyewe.

*Nilikaa mwaka mzima bila mazoezi. Nimerudi, siku ya tatu goti la kulia linauma upande wa ndani. Niliwahi kuambiwa maumivu ni sehemu ya mazoezi. (Dereva wa lori, Mafinga)*

Mapaja kuwaka moto ni sehemu ya mazoezi, kaka. Goti kuuma siyo. Pumzika siku kadhaa, halafu tuangalie mambo mawili.

La kwanza ni kugeuza mguu ukiwa bado umeubebesha mwili. Unyayo umeganda chini, kiuno kinazunguka, na goti lililo katikati ndilo linalosokotwa. Mguu ugeuzwe ukiwa mtupu: rudisha uzito nyuma, inua vidole, geuza kwa kisigino, tua, ndipo uhamie mbele. Jipime hivi sebuleni. Weka kipande cha gazeti chini ya vidole vya mguu wa mbele, rudi nyuma, mwambie mtoto akivute. Kikitoka kizima, mguu uko huru. Kikichanika, bado umeukalia.

La pili ni kwenda chini sana, na hapa nasema kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuacha miezi minane. Siku ya kwanza kurudi nilikuta wanafunzi wapya wawili wananitazama, nikataka waone Nyoka Anayetambaa Chini inavyofanywa na wenyewe. Nilishuka vizuri. Kupanda ndiyo ilikuwa kazi. Jioni goti lilikuwa limevimba kama kiazi, na kwa wiki tatu ngazi nilizishuka kinyumenyume. Mapaja ya miezi minane iliyopita ndiyo yaliyokuwa yakilibeba goti lile, na yalikuwa yameshaondoka. Kichwa ndicho kilichobaki na ufundi.

Kwa hiyo simama juu. Kunja goti kidogo tu, lielekee kidole cha pili cha mguu, lisivuke ncha ya kiatu. Baada ya mwezi shuka kiasi cha unene wa tofali, si zaidi. Na wewe unayeshinda umekaa kwenye usukani, nyonga zimekaza, na nyonga isipogeuka goti ndilo linalolipa deni. Kila ukisimama kupumzisha gari, shika mlango, zungusha mguu mmoja mmoja, mara kumi. Goti likivimba, likikwama au likilegea ghafla ukitembea, nenda hospitali.

*Nimehamishiwa Mbeya kutoka Dar es Salaam. Kule nilikuwa nafanya alfajiri ufukweni. Hapa pumzi inakata na vidole vinaganda. (Mwalimu, Iyunga)*

Karibu kwenye baridi. Uko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni unayoivuta kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Mwili huzoea kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo punguza mwendo na usilazimishe pumzi ndefu zilingane na mikono. Alfajiri ya Juni waachie wenyeji. Subiri jua lipande mlima Loleza, hata saa nne, umande uwe umekauka maana nyasi mbichi huteleza. Sweta usilivue mpaka mgongo upate joto. Kama kifua kinabana au kinauma, hilo si la Mbeya, muone daktari.

*Niliacha kwa sababu mzee mmoja wa kanisa alisema ni ibada ya Kichina. Ni kweli? (Njombe)*

Ilianza kama sanaa ya mapigano, karne ya 17, katika kijiji cha Chenjiagou jimboni Henan. Mawazo ya yin na yang yaliyomo, yaani nguvu mbili kinyume zinazokamilishana, ni falsafa ya Kichina, hilo sikufichi. Lakini ndani ya hatua 24 hakuna sala, sanamu wala kiapo. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwalike mzee aje atazame, kisha uamue mwenyewe.

*Mwanangu, nina miaka 68. Nilianguka uani mwaka jana nikaacha kila kitu. Naogopa. (Bibi, Kihesa, Iringa)*

Shikamoo bibi, na pole sana. Kwanza umuone daktari, maana kuanguka huweza kutokana na macho au dawa za presha. Akikuruhusu, rudi: tafiti nyingi kwa wazee zimeonyesha kwamba tai chi hupunguza kuanguka. Vaa raba za soli bapa, usivae kandambili. Simama nyuma ya kiti kizito cha mbao, cha plastiki kitakukimbia, ukishike kwa mikono miwili. Sogeza uzito mguu wa kulia, hesabu nne, rudi kushoto. Dakika tatu asubuhi, tatu jioni, mjukuu akiwa karibu. Jogoo wa Dhahabu, ile ya kusimama kwa mguu mmoja, tuiache kwanza.

Na kwa wote mlioniuliza kuhusu watu wanaocheka: wangu ni vijana wa bodaboda kijiweni, huniita Bruce Lee. Juzi mmoja alinifuata pembeni, mgongo unamuuma kwa kukaa kwenye pikipiki kutwa. Nimemwanzishia Mikono Kama Mawingu. Bado ananiita Bruce Lee.