Farasi anagoma kupanda lori? Weka fimbo chini kwanza

Jamani hili swali nimeulizwa sana na watu wanaofuga farasi huku kwetu Kigamboni, Dar es Salaam, na wengine wa kule Mbezi, farasi akigoma kupanda gari anafanywaje, nikaona bora niandike kabisa yale niliyoyapitia na Asali wangu, farasi jike wa miaka 9, ana kama kilo 400 hivi.

Asali alipata shida ya jino. Alikuwa anatafuna majani afu anayadondosha yakiwa yamesagwa nusu, na akaanza kukonda, daktari wa mifugo aliyekuja kumwona akashauri tumpeleke hospitali ya wanyama ya SUA, yani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro. Sasa Asali nilimnunua kwa mtu wa jirani tu, alikuja kwangu kwa miguu, gari hajawahi kupanda. Nikakodi Fuso, likaja saa kumi usiku na dereva na utingo wake, na majirani watatu wakaja kusaidia. Mmoja anavuta kamba mbele, wawili wamezungusha kamba matakoni wanasukuma, mwingine ana fimbo. Asali akasimama kwa miguu ya nyuma, akateleza ubaoni, akachunika ugoko wote, na saisi wangu, yani mtunza farasi, kamba ilimbabua kiganja kwasababu alikuwa ameizungusha mkononi. Lile Fuso likaondoka tupu. Nililia siku ile, na kosa lilikuwa langu mimi, sio la mnyama.

Watu wanasema farasi mkaidi. Hapana. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari, ukimwonyesha kaboksi keusi kenye turubai, sakafu inalia ngo ngo chini ya kwato, mlango mmoja tu, yeye anaona shimo la kufia. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote ila kuna sehemu mbili haoni, mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, na akitoka juani kuingia gizani macho yake yanachelewa kuzoea kuliko yetu. Kwaiyo ukimkimbiza aingie haraka unamlazimisha aingie asipopaona. Na ukimvuta kwa nguvu anavuta kurudi nyuma, ndo maumbile yake, na kilo 400 hata muwe wanaume kumi hamumuwezi.

Nikaanza upya. Sikuanza na gari, nilianza na ubao. Nilichukua plaiwudi nene nikailaza chini uani, nikampitisha juu yake kila asubuhi mpaka ule mlio haukumshtua tena, siku 4 zilitosha. Afu nikaongea na jirani mwenye Canter ambayo Jumapili na jioni inalala tu, tukairudisha nyuma mpaka kwenye tuta la mchanga ili bodi isiwe juu sana. Huku kwetu ardhi ni mchanga mtupu, ubao wa kupandia unazama upande mmoja na kucheza, na farasi akikanyaga ukacheza mara moja tu umeshampoteza, kwaiyo chini yake tulipanga matofali, juu tukamwaga maranda asiteleze. Turubai tukalikunja lote mwanga uingie.

Sasa hapa ndo penye kazi yenyewe, naomba usome taratibu. Simama pembeni ya bega lake, usisimame mbele ukamkodolea macho. Kaza kamba kidogo tu, usivute, shikilia hapohapo. Atafikiria. Atanusa, atageuza kichwa, labda atarudi nyuma, akirudi nenda naye huku kamba ikiwa vilevile, usiongeze na usipunguze, usimpigie kelele. Yani ule wakati anapoegemea mbele, hata kama hajainua mguu, hata kama ni shingo tu imesogea, LEGEZA PALEPALE. Kile kulegeza ndo somo lenyewe. Mnyama hajifunzi kutokana na kamba kukazwa, anajifunza kwa kamba kuachiwa, ukichelewa hata sekunde 3 hajui tena umemsifia kwa lipi. Siku ya kwanza Asali aliweka mguu mmoja ubaoni, nikamlegezea, nikampapasa shingo, nikamrudisha kula majani. Saisi akashangaa, akasema bosi si tuendelee kashaanza kukubali? Nikamwambia hapana, leo imeishia pazuri, tuache.

Na kitu ambacho wengi wanaruka, mfundishe kushuka kabla hujamfundisha kuingia mpaka ndani. Miguu miwili juu, rudi. Mitatu, rudi. Farasi asiyejua kurudi nyuma hatua mojamoja ndo yule anayechomoka ghafla akavunja mguu au kukuvunja wewe. Mi nilimrudisha chini kwa makusudi kabla hajataka mwenyewe, mara nyingi sana, mpaka akawa hana wasiwasi kwamba akipanda hatoki.

Siku ya 12 aliingia mzima. Ndani kulikuwa na pumba na karoti anazipenda. Hatukufunga kitu, alikula akashuka.

Kwenye kufunga msikosee hata siku moja: bomba la nyuma, lile linalomzuia matakoni asirudi nyuma, linafungwa KWANZA ndo unamfunga kichwa, na wakati wa kushusha unamfungua kichwa kwanza ndo unatoa bomba. Ukigeuza mpangilio, farasi anarudi nyuma akiwa amefungwa, anaparamia huku anachanganyikiwa. Kamba usiifunge kwenye chuma moja kwa moja, weka katikati kitanzi cha katani nyembamba ambacho kikizidiwa kinakatika.

Safari ya kwanza isiwe kwa daktari. Sisi tulizunguka mtaani tu dakika 15 tukarudi nyumbani, gari lisije likamaanisha sindano kila siku. Dereva mwambie kabisa kona apunguze na breki akanyage mapema, mule ndani farasi amesimama hana pa kushika.

Morogoro ni kama kilomita 190, tuliondoka saa tisa usiku kukwepa foleni na joto, kibali cha kusafirisha nilishakata kwa afisa mifugo. Chalinze tukasimama, tukampa maji, tukamlegezea kichwa akiinamishe chini, maana farasi akifungwa kichwa juu kwa masaa mengi uchafu wa kwenye njia ya hewa hautoki na anaweza kupata homa ya mapafu.

Ule msemo wa punda afe mzigo ufike mi siupendi kabisa, na nimewaona watu wanauishi. Ukiwa na haraka ya kesho basi ahirisha kesho yenyewe kama ugonjwa unaruhusu, kama hauruhusu mwite daktari aje na dawa ya kumtuliza, usichukue fimbo.

Jino lilitolewa, Asali anakula vizuri na amenenepa. Ile Canter bado tunaiazima Jumapili moja moja, hatuendi popote, anapanda, anakula karoti zake, anashuka.