Asilimia 15 ni sakafu, si dari

Ndugu, umesema magavana wa kaunti za Kenya wanyamaze kuhusu fedha kwa kuwa Katiba imeshazipa kaunti zao asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Kifungu cha 203 kinasema mgao usipungue kiwango hicho, wala hakisemi usizidi; tena asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, kwa hivyo Bunge likichelewa kuziidhinisha, kaunti hupimiwa kwa mapato ya miaka iliyopita ilhali bei za dawa ni za leo.

Kumbuka mwaka 2024. Kaunti zilikuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni, kisha Mswada wa Fedha, uliokusudia kuongeza kodi, ukaondolewa baada ya maandamano, Bunge la Kitaifa likataka mgao ushuke hadi Sh380 bilioni, Seneti ikakataa, na kamati ya upatanishi ya mabunge hayo mawili ikafikia Sh387.4 bilioni wakati mwaka wa fedha ulikuwa umeanza tangu Julai.

Hata hivyo, kwangu mimi ucheleweshaji ndio unaouma zaidi, kwa sababu Kifungu cha 219 kinataka fedha zifike bila kukawia wala kukatwa. Katika zahanati ya kijijini kwetu nimemwona muuguzi akimwandikia mama mjamzito, kwenye kipande cha karatasi, glavu na pamba za kwenda kununua dukani kabla hajahudumiwa. Magavana wanaofuja fedha washtakiwe, nami nakuunga mkono kabisa hapo, lakini mama yule hakufuja chochote.